Reli Moja Hubeba Treni Ngapi?

Mwanafunzi mmoja wa Lubunga ametuletea swali ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa maneno mawili. Ameandika hivi: «Bwana Mhariri, wazee wetu husema kwamba kama reli ya Ubundu ingeletewa injini kumi mpya, mchele na mihogo ya wakulima isingeharibika tena kwa kungoja, na sisi tusingeona tena watu wakisukuma baiskeli zenye mizigo mizito siku nyingi msituni. Je, ni kweli?»

Swali hili ni zuri, na wazee waliosema hivyo wana haki ya kusikitika. Lakini jibu letu litawashangaza wengine. Injini kumi zikiletwa kesho, na mambo mengine yote yakaachwa bila kutengenezwa, yawezekana tisa zikasimama stesheni zikiitazama moja inayokwenda. Kwa maana wingi wa treni hautegemei injini peke yake. Hutegemea njia, na jinsi njia ile inavyogawanywa na kulindwa. Juma hili twataka kulieleza jambo hilo polepole, ili kila mzazi na kila mwanafunzi alielewe.

Kwanza tuikumbuke reli yenyewe. Kila mtu wa Kisangani ajua kwamba kati ya Ubundu na mji wetu mto huanguka katika maporomoko saba ya Boyoma, wala hakuna meli iwezayo kupita pale. Kwa sababu hiyo kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga reli ya kilomita 125 ili kuyazunguka maporomoko hayo, nayo ikafunguliwa mwaka 1906. Wakati huo Kisangani iliitwa Stanleyville, na Ubundu iliitwa Ponthierville. Reli ilipita ng'ambo ya kushoto. Ndiyo maana stesheni ipo Lubunga, ambayo kati ya komini sita za Kisangani ndiyo peke yake iliyo upande ule wa mto.

Basi mzigo uliotoka Kinshasa kwa meli ulivushwa hadi Lubunga, ukapakiwa katika mabehewa, ukafika Ubundu, ukatiwa tena melini mpaka Kindu, na huko ukapanda treni nyingine ya kuelekea Kongolo, Kabalo na ziwa Tanganyika. Reli yetu ni kama kiungo kimoja katika mnyororo mrefu. Tena ni kiungo kilicho peke yake, kwa kuwa mapana yake ni meta moja kamili, na reli ya Kindu ina mapana ya milimita 1,067. Tofauti hiyo ni kama upana wa vidole vitatu au vinne tu, lakini yatosha kuizuia injini ya Kindu isije kuisaidia ya Lubunga mpaka igeuzwe magurudumu yake.

Sasa tuingie katika habari yenyewe.

Sote tumewahi kuvuka kijito kwa daraja la mti mmoja uliolazwa. Mtu aliye na adabu hakanyagi mti ule kabla ya kutazama ng'ambo. Akimwona mama mwenye kikapu amekwisha kuingia, humngoja. Na kama hawakuonana, wakakutana katikati, mmoja hurudi nyuma, wakacheka, mambo yakaisha. Reli ya njia moja ni daraja la mti mmoja lenye urefu wa kilomita nyingi. Lakini treni mbili zikikutana katikati hakuna kicheko. Treni haiwezi kukwepa kando, wala haiwezi kusimama upesi. Magurudumu ya chuma juu ya pau za chuma huteleza kwa urahisi; ndiyo maana injini moja yaweza kuvuta mamia ya tani. Lakini urahisi ule ule huwa adui wakati wa kusimama. Treni nzito iendayo kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hutaka mamia ya meta, na pengine hata zaidi ya kilomita nzima, mpaka isimame kabisa. Dereva akiiona treni nyingine kwa macho yake, mara nyingi amekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo dereva hawezi kuendesha kwa kutegemea macho yake tu. Lazima mtu mwingine, au chombo kingine, kimwambie kabla hajaondoka: njia iliyo mbele yako ni tupu, nayo ni yako peke yako. Kazi yote ya ishara za reli, tangu bendera ya kitambaa hadi mitambo ya leo, ni kulipeleka neno hilo moja bila kosa.

Tazama jinsi neno dogo linavyoweza kuua. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, katika Uingereza, karibu na mji wa Norwich, treni mbili zilitakiwa kupita katika kipande cha njia moja. Msimamizi wa stesheni alimwambia karani wa simu ya upepo aandike habari ya kuiruhusu treni ya barua ije kutoka upande wa pili. Habari ile ikaandikwa, lakini haikutiwa sahihi. Msimamizi alidhani ya kuwa bila sahihi yake haitapelekwa. Karani akaipeleka. Msimamizi akairuhusu treni ya haraka iondoke, na treni ya barua ikawa imekwisha kuondoka upande wake. Zikagongana uso kwa uso gizani, na watu 25 wakafa. Watu wale wawili hawakuwa waovu. Kila mmoja alidhani kwamba mwenzake amefanya, au hajafanya, jambo fulani.

Kutokana na msiba huo, fundi mmoja aitwaye Edward Tyer alitengeneza chombo ambacho hakitegemei kudhani. Twataka wanafunzi wakielewe chombo hicho, kwa maana fikira yake ni nyepesi na nzuri. Hata kabla yake, reli nyingi za njia moja zilikuwa na desturi ya fimbo. Kila kipande cha reli, kutoka stesheni hadi stesheni ya pili, kilikuwa na fimbo moja tu yenye jina la kipande hicho. Dereva asiyeishika fimbo mkononi haruhusiwi kuingia, hata kama ni mchana, hata kama mkuu wa stesheni ni shemeji yake. Na kwa kuwa fimbo ni moja, treni mbili haziwezi kukutana.

Lakini fimbo ilikuwa na udhia wake. Treni ya kwanza ikienda nayo ng'ambo, treni ya pili iliyoachwa nyuma itangoja mpaka fimbo irudishwe. Tyer akaliondoa tatizo hilo mwaka 1878. Aliweka sanduku katika kila stesheni, na masanduku mawili yakaunganishwa kwa waya wa umeme. Ndani yake mlikuwa na vibao vingi vya mviringo. Kibao kimoja kikitolewa katika sanduku lolote, masanduku yote mawili hujifunga. Wala hakuna kibao kingine kitakachotoka mpaka kile cha kwanza kirudishwe katika sanduku la upande huu au la upande ule. Hivyo treni zaweza kufuatana upande mmoja, au kubadilishana, bila kuhatarisha mtu. Kibao hakisahau, wala hakidhani. Wazee wetu wanasema kwamba mafahali wawili hawakai katika zizi moja. Chombo hiki ndicho mlango wa zizi.

Hiyo ni hatari ya treni zinazokutana. Iko pia hatari ya treni zinazofuatana, nayo hudanganya zaidi, kwa kuwa watu hufikiri kuwa anayekwenda mbele hawezi kumgonga anayemfuata. Zamani reli nyingi zilitenganisha treni kwa saa: ya kwanza ikiondoka, watu walingoja dakika kadhaa, kisha wakaiachia ya pili. Lakini saa iliyo ukutani haijui lililoipata treni ya kwanza huko mbele. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh katika Ayalandi, treni iliyojaa watu waliokuwa wakienda matembezi na watoto wao ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaikata sehemu mbili ili waivute kwanza ile ya mbele. Mabehewa ya nyuma yakateleza, yakashuka mlima kwa kasi, yakaigonga treni iliyokuwa ikija nyuma. Walikufa watu 80, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Mwaka ule ule serikali ya Uingereza ilitunga sheria kwamba treni za abiria zitenganishwe kwa nafasi, si kwa saa, na kwamba ziwe na breki zinazoshika mabehewa yote zenyewe.

Maana ya kutenganisha kwa nafasi ni hii: njia hugawanywa vipande, na katika kila kipande hukaa treni moja tu. Hata kama treni ya kwanza imesimama humo saa tatu kwa ajili ya mti ulioanguka, ya pili itangoja mlangoni saa tatu. Amri hiyo ina maneno machache tu, lakini ndiyo msingi wa reli zote duniani: kipande kimoja, treni moja.

Mtu asiseme kwamba habari hizi ni za Wazungu wa zamani. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika mkoa wa Dodoma, nchini Tanzania, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma mlimani, ikashuka kwa kasi kubwa, ikaigonga treni ya mizigo. Wakafa watu 281. Kati ya Armagh na Igandu ilikuwa imepita miaka 113, na bado mlima ulikuwa mlima, uzito ulikuwa uzito. Ujuzi haurithiwi kama sura ya baba. Kila reli na kila kizazi hapana budi kujifunza upya na kushika upya.

Basi, mlango wa kila kipande hulindwaje? Katika stesheni iliyotengenezwa vema utaona mlingoti wenye mkono wa chuma, au taa. Nyekundu ni kusimama. Rangi ya manjano ni kujiweka tayari kusimama mbele. Kijani ni kupita. Karibu na stesheni njia hugawanyika, na mahali pale pana pau mbili za chuma zilizochongwa ncha, ziwezazo kusogezwa huku na huku kama ulimi, ili kuipeleka treni kushoto au kulia. Watu wa reli walifunga mikono ya ishara na ndimi hizo pamoja kwa vyuma, ili mtu asiweze kuonyesha kijani ikiwa ulimi umeelekezwa kwenye njia yenye treni nyingine. Hata akitaka kwa nguvu zake zote, mtaimbo aushikao hautasogea.

Tena mwaka 1872, Mwamerika William Robinson alipata njia ya kuifanya reli yenyewe itoe habari. Umeme dhaifu hupitishwa katika pau mbili za kipande kimoja. Treni ikiingia, magurudumu na mhimili wake huunganisha pau zile, umeme hukosa kufika kwenye chombo cha ishara, na taa huwa nyekundu yenyewe. Waya ukikatika, au pau ikivunjika kabisa, umeme hukoma vilevile, na taa huwa nyekundu. Fikira hiyo ina hekima kubwa: chombo kikiharibika, kiharibike kwa upande wa kusimama, kisiharibike kwa upande wa kuua.

Sasa twaweza kurudi kwenye swali la mwanafunzi wetu, na tulijibu kwa hesabu. Wanafunzi wachukue kalamu.

Tuchukue mfano wa reli ya kilomita 125 kama yetu, na treni zinazokwenda kilomita 25 kwa saa. Treni moja itatumia saa 5 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama njiani hakuna mahali pa kupishana hata pamoja, reli yote ni kipande kimoja. Treni ya kwenda hutumia saa 5, kisha ya kurudi hutumia saa 5. Jumla saa 10. Katika saa 24 zitakwenda treni mbili na kurudi mbili, na saa nne zitabaki ambazo hazitoshi kwa safari ya tatu ya kwenda na kurudi. Uwe na injini mbili au kumi, hesabu haibadiliki. Hiyo ndiyo maana ya maneno tuliyoanza nayo.

Sasa tujenge mahali pamoja pa kupishana, katikati kabisa: njia fupi ya pembeni, yenye urefu wa kuutosha mkia wa treni, ndimi mbili, na mtu mwenye simu na vibao. Kila kipande kitakuwa na kilomita 62 na nusu, yaani saa 2 na nusu. Kwenda na kurudi katika kipande ni saa 5. Basi kwa siku zaweza kwenda treni nne na kurudi nne. Tumeongeza maradufu bila kuongeza mwendo hata kidogo.

Tujenge mahali panne, vipande vikawa vitano vya kilomita 25 kila kimoja. Kila kipande ni saa 1, kwenda na kurudi ni saa 2. Sasa ni treni kumi na mbili za kwenda na kumi na mbili za kurudi. Lakini tusijidanganye. Kubadilishana vibao na kungojana huchukua muda. Tukitoa dakika 10 kila mara, kwenda na kurudi huwa saa 2 na dakika 20, na kwa siku zitapita kumi kila upande. Hapo ndipo injini kumi za wazee wetu zingepata kazi.

Wengine watasema: si afadhali kuongeza mwendo? Haya, tupige hesabu. Tukiiondoa kila njia ya kupishana, na treni zikaenda kilomita 50 kwa saa, safari ni saa 2 na nusu, kwenda na kurudi saa 5. Kwa siku treni nne kila upande. Ni sawasawa na ile njia fupi moja ya katikati! Lakini ili treni ziende maradufu yakupasa kubadilisha mataruma na pau na kuimarisha madaraja katika kilomita zote 125, na ili kujenga ile njia ya katikati yakupasa kutengeneza meta mia kadhaa tu. Hatusemi kwamba mataruma yaliyooza yaachwe. Treni ikitoka relini huifunga njia yote, na hesabu zote zinakuwa sifuri. Twasema kwamba mtu mwenye fedha kidogo ajue wapi franka moja itazaa zaidi.

Liko jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Mahali pa kupishana pakijengwa bila mpango, faida hupotea. Tuseme vipande ni vinne, vya kilomita 25, 30, 50 na 20. Kile cha kilomita 50 hutaka saa 2, na kwenda na kurudi saa 4. Kwa hiyo treni sita tu kwa siku zitapita kila upande katika reli nzima, hata kama vipande vingine vingeweza zaidi. Kipande kirefu ndicho kinachotawala. Ni kama familia inayosafiri kwa miguu: mwendo wa wote ni mwendo wa mtoto mdogo. Ukitaka kuiongezea nguvu reli ile, usijenge pale palipo karibu na mji, au penye watu wakubwa. Jenga katikati ya kile kipande cha 50.

Tena miisho ya njia nayo ni vipande. Treni kumi zikifika Lubunga, na stesheni ina njia za kupokea mbili tu, na chombo cha kuvusha mzigo mtoni ni kimoja, basi mabehewa yatasimama yakiwa yamejaa. Behewa lililosimama siku nne likingoja kushushwa ni sawa na behewa lisilokuwapo. Yeye apakuaye upesi hufanya kazi ya reli, ingawa hajui kuendesha injini.

Katika miji mikubwa ya dunia hesabu hii imefikishwa mbali sana. Huko London, katika njia ya chini ya ardhi iitwayo Victoria, iliyofunguliwa mwaka 1968, tangu mwaka 2017 hupita treni 36 kwa saa kila upande katika saa za watu wengi, yaani treni moja kila sekunde 100. Wamewezaje? Wana njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa hiyo hakuna kukutana. Treni zote zina mwendo mmoja, kwa hiyo hakuna ya haraka inayofungwa nyuma ya mzee wa mizigo. Na vipande vimekuwa vifupi sana, navyo hulindwa na mitambo inayoshika breki yenyewe. Lakini amri iliyo chini ya mambo yote hayo ni ile ile ya fimbo: pale alipo mwenzako, wewe huingii.

Karibu nasi, Tanzania imefungua reli mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Humo ruhusa ya kupita hupelekwa kwa redio, ikaonekana mbele ya dereva katika chumba chake, na mtambo humzuia akijaribu kupita mpaka wake. Hakuna fimbo mkononi. Lakini ile habari iliyo katika kioo chake ni fimbo iliyogeuzwa maandishi.

Hapana budi tuseme pia neno moja la huzuni, kwa kuwa watu wa Lubunga hawajalisahau. Reli ina kipimo chake, na behewa lina kipimo chake. Tarehe 4 Mei 1997, treni iliyowaleta wakimbizi wa Rwanda kutoka kambi ya Biaro, kandokando ya reli yetu hii, ilifika ikiwa na maiti 91 za watu waliobanwa na kukosa hewa katika mabehewa yaliyojazwa kupita kiasi. Treni ile haikugongana na nyingine. Iliua kwa sababu binadamu walihesabiwa kama magunia. Basi mtu akituambia kwamba hakuna haja ya treni ya pili, kwa kuwa wote wataenea katika ya kwanza, tukumbuke siku ile. Ishara na vipimo havikutungwa ili kuwasumbua wasafiri. Vilitungwa kwa ajili ya uhai wao.

Sasa jibu letu, mwanafunzi mpendwa. Wazee hawakukosea kudai injini. Lakini wakidai injini wadai pamoja nazo mambo manne: mahali pa kupishana palipopimwa vema, simu au redio inayosikika kutoka stesheni hadi stesheni, breki nzima katika kila behewa, na wafanyakazi waliofundishwa, wanaolipwa kwa wakati wake, ili wasisinzie kwa njaa karibu na mtaimbo wa ishara. Mkuu wa stesheni ndogo ya msituni, mwenye kitabu chake na saa yake, ameshika roho za watu wengi kuliko dereva.

Na sisi tukaao kandokando ya reli tunayo sehemu yetu. Waya wa reli ukiibwa na kuuzwa kwa kilo, mwizi hakuiba shaba tu. Ameiba sauti ya stesheni mbili. Jiwe ambalo mtoto amelitia kwa mchezo katika ulimi wa reli laweza kuupeleka mkia wa treni njia nyingine na kichwa chake njia nyingine. Wazazi wawaambie watoto mapema, hata mahali ambapo treni ni chache. Tena hasa hapo, kwa kuwa reli isiyopita treni mara kwa mara huwadanganya watu waione kuwa njia ya miguu, uwanja wa soko, au mahali pa kuanikia mihogo. Nayo treni ije siku wasiyoitazamia.

Tunamalizia kwa hesabu ya wanafunzi. Chukueni reli ile ya vipande vya kilomita 25, 30, 50 na 20. Jengeni mahali pa kupishana katikati ya kile cha 50. Treni zikienda kilomita 25 kwa saa, na bila kuhesabu dakika za kungojana, ngapi zitaweza kwenda na kurudi kwa siku? Na je, ukiruhusiwa kujenga mahali pengine pamoja zaidi, utapaweka wapi, na kwa nini? Jibu la kwanza ni la hesabu tu. La pili lataka akili. Tuleteeni yote mawili, nasi juma lijalo tutaeleza.